Kwa aliyekabidhiwa kuajiri kwenye kampuni ndogo

Kwenye kampuni yenye watu wanane au kumi na wawili, anayekabidhiwa kuajiri huwa si ofisa rasilimali watu. Huwa ni mhasibu, meneja wa duka, au kijana wa ofisini ambaye bosi anamwamini. Anaitwa asubuhi, anaambiwa, "Tutafutie mtu wa stoo, mwezi ujao awe ameanza," na kabla ya saa sita mchana tangazo limeshasambaa kwenye magrupu ya WhatsApp. Jioni simu imejaa.

Kama ni wewe uliyeitwa asubuhi hiyo, haya nimekuandikia. Nimeajiri kwa miaka mingi kwenye kampuni za namna hii Dar es Salaam, nyingi zikiwa za vipuri, pampu za maji na vifaa vya umeme. Ninachokiamini kuliko vyote ni kwamba sehemu kubwa ya kazi ya kuajiri hufanyika kabla mwombaji wa kwanza hajajua kwamba kuna nafasi. Ukishajua mtu huyo atafanya nini, na utaonaje kwa macho yako kwamba anaweza kukifanya, usaili unakuwa mwepesi. Usipojua, utamchukua anayeongea vizuri, na kuongea vizuri siyo kazi uliyokuwa unamtafutia mtu.

Nitashika mfano wa mtunza stoo, kwa sababu ni nafasi ambayo karibu kila duka kubwa linayo, na kwa sababu hasara yake inaonekana haraka.

Andika kazi kwanza

Cheo kiache mpaka baadaye. Kaa na aliyekuwa anaifanya kazi hiyo, au anayeshinda karibu nayo, umuulize: Jumatatu asubuhi mtu huyu anashika nini? Nani anamsubiri? Kitu gani kinaharibika asipokuwepo siku mbili? Baada ya miezi mitatu awe anaweza kufanya nini bila kuuliza?

Majibu yaandike kwa vitenzi. Anapokea mzigo na kuulinganisha na hati iliyokuja nao. Anatoa bidhaa kwa karatasi iliyosainiwa tu. Anaingiza kwenye kompyuta siku hiyohiyo. Anahesabu stoo kila Jumamosi na kumpa mhasibu tofauti zilizojitokeza. "Awe mchapakazi, mwaminifu na anayejituma" hakuna kinachokusaidia hapo, kwa sababu hakuna mwombaji atakayesema yeye ni mvivu.

Wakati mwingine zoezi hili peke yake linamaliza tatizo. Nimewahi kukaa na mwenye duka aliyetaka mtu wa pili wa stoo kwa kuwa hesabu zilikuwa hazikubaliani. Tulipofuatilia tukakuta vijana wa mauzo wanaingia stoo wenyewe mteja akiwa na haraka. Kilichohitajika kilikuwa kufuli, ufunguo mmoja na utaratibu. Mtu wa pili angeongeza mikono iliyokuwa inagusa mzigo uleule.

Ukishaandika kazi, jiulize inahitaji elimu gani kwa kweli. Kuna mazoea ya kuweka digrii kwenye kila tangazo ili waombaji wapungue. Waombaji watapungua, lakini unaowapoteza ni wale waliokaa stoo miaka sita wakiwa na cheti cha kidato cha nne au cha VETA, na unaobaki nao ni wahitimu wanaoichukua kazi huku wanasubiri nyingine. Sina ubaya na wahitimu hata kidogo. Ila mtu ambaye kazi yako ni ya kupitia tu, ataipitia.

Pesa ijulikane kabla

Jambo hili linaharibu ajira nyingi katika hatua ya mwisho kabisa. Kampuni inasema laki sita, mwombaji anasikia laki sita za mkononi. Mwisho wa mwezi wa kwanza anafungua hati ya mshahara, anajiona ametapeliwa, na anaanza kutafuta kazi pengine siku hiyohiyo. Piga hesabu hii kabla ya kuandika tangazo.

Mshahara ni 600,000. Mchango wa mfanyakazi kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ni asilimia 10, yaani 60,000, kwa hiyo zinabaki 540,000 za kutozwa kodi. Kwa viwango vya PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara, vilivyoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi kitu. Shilingi 250,000 zinazofuata zinatozwa asilimia 8, ambayo ni 20,000. Zinabaki 20,000 zinazotozwa asilimia 20, yaani 4,000. Kodi yote ni 24,000, na mkononi anapata 516,000. Kama ni mhitimu mwenye mkopo wa elimu ya juu wa HESLB ambao hajaumaliza, anakatwa tena asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 90,000, na mkononi zinabaki 426,000. Ukikuta TRA wamebadilisha viwango, rudia hesabu kwa njia hiyohiyo.

Upande wa kampuni nao uhesabu. Juu ya 600,000 unaongeza 60,000 ya NSSF ya mwajiri na nusu asilimia ya WCF, ule mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, yaani 3,000. Mtu huyu anaigharimu kampuni 663,000 kwa mwezi kabla hujamnunulia hata kalamu. Na kama yeye ndiye anayewafikisha watu kumi, kampuni inaingia kwenye tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ile SDL, ambayo inahesabiwa kwa mishahara ya wote. Mwenye kampuni ayajue haya mapema. Akiyajua baada ya kumwahidi mtu kazi, wewe ndiye utakayetumwa kwenda kuomba radhi.

Kisha weka kiasi hicho kwenye tangazo. Najua wengi hawataki. Wanaogopa washindani wataona, au wafanyakazi waliopo watalinganisha. Lakini "mshahara mnono" na "mshahara kwa maelewano" vinakuletea watu ambao wangekataa siku ya mwisho, baada ya wewe kupoteza wiki tatu. Na kama wafanyakazi waliopo watalalamika wakiona kiasi unachompa mgeni, hapo kuna jambo ambalo bosi anatakiwa kulishughulikia hata kama hakuna anayeajiriwa.

Hesabu siku kuanzia mwisho

Mtu mzuri mara nyingi ana kazi. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, anayelipwa kwa mwezi anatakiwa kutoa notisi isiyopungua siku 28. Kwa hiyo "mwezi ujao awe ameanza" maana yake umewaondoa kwenye orodha wote wenye kazi, umebaki na wasio na kazi na walio tayari kumkimbia mwajiri wao bila kuaga. Aliyemkimbia wa kwanza atakukimbia na wewe.

Ratiba ninayoipenda ni ya wiki nane hivi. Tangazo likae siku kumi. Mchujo siku mbili au tatu. Wiki inayofuata ni ya majaribio ya kazi na usaili. Kisha siku chache za kupiga simu kwa waajiri wa zamani, siku mbili za ofa, halafu notisi yake. Ukiona bosi anashangaa wiki nane, muoneshe siku 28 ni za nani. Kama pengo haliwezi kusubiri, tafuta mtu wa muda kwa kazi maalum na umwambie wazi kwamba ni ya muda. Usimchukue mtu wa kudumu kwa haraka ya wiki mbili.

Tangazo, na lugha yake

Hapa nina msimamo mkali, na nitauelezea kwa kirefu.

Kampuni ndogo nyingi zinatangaza kwa Kiingereza nafasi ambayo kazi yake yote, kuanzia asubuhi mpaka jioni, inafanyika kwa Kiswahili. Kisha usaili nao ni wa Kiingereza. Mtu aliyepokea makontena na kuyapanga kwa miaka anakaa mbele ya wasaili watatu, anaulizwa ajieleze, na anatafuta maneno. Baada yake anaingia mwingine ambaye hajawahi kushika stoo lakini Kiingereza kinateremka. Wote mezani wanamwona wa pili ana akili zaidi. Wamepima kitu ambacho kazi haikihitaji, na kile ambacho kazi inakihitaji hawakukigusa.

Kama nafasi inadai Kiingereza kweli, kwa mfano kuandikia barua pepe wauzaji wa Dubai au Guangzhou, pima Kiingereza hichohicho: mpe barua pepe ya muuzaji aliyechelewesha mzigo aijibu. Zaidi ya hapo, tangaza na usaili kwa lugha ambayo kazi inaongewa.

Tangazo lenyewe liwe fupi na lenye vitu vinavyoshikika. Moja ninalolitumia linakwenda hivi:

"Tunatafuta mtunza stoo, duka la vipuri vya mashine, Kariakoo. Utapokea mzigo, utatoa bidhaa kwa karatasi iliyosainiwa, utaingiza kwenye kompyuta na utahesabu stoo kila Jumamosi. Mshahara shilingi 600,000 kabla ya makato. Kazi ni Jumatatu hadi Jumamosi, saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni. Tuma CV isiyozidi kurasa mbili na ujibu maswali mawili: umewahi kutunza bidhaa za aina gani, na eleza siku moja ambayo hesabu haikukubaliana na bidhaa, ulifanya nini. Mwisho wa kupokea maombi ni Ijumaa saa 10 jioni. Mwombaji hatoi malipo yoyote katika hatua yoyote."

Sentensi ya mwisho usiiache. Matapeli wanachukua matangazo ya kweli, wanabadilisha namba ya simu na kuwaomba vijana "hela ya fomu" au "hela ya vipimo". Na tumia barua pepe au laini ya simu ya kazi hiyo tu. Namba ya bosi ikishaingia kwenye magrupu, hataweza kuitumia wiki nzima.

Usiombe nakala za vyeti na kitambulisho cha NIDA kwa kila mtu. Waombe wawili au watatu wa mwisho. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na nakala za vitambulisho vya watu mia tatu ambao hukuwaajiri ni mzigo ambao huna sababu ya kuubeba. Karatasi za ofisini kwetu tunajua zinakoishia: unanunua karanga, unafungua, unakuta tarehe ya kuzaliwa na namba ya simu ya mtu. Zichane au zichome, na zile za kwenye kompyuta zifute ukishamaliza.

Mchujo

Vigezo viwe vimeandikwa kabla hujafungua barua ya kwanza, na visizidi vinne. Kwa stoo: amewahi kutunza au kuhesabu bidhaa za watu wengine, anatumia kompyuta, anaweza kufika saa mbili, amejibu maswali mawili uliyouliza. Hicho cha mwisho kinachuja kuliko vyote. Wengi watatuma CV tupu.

Vitu vingine vyote viache nje. Sheria ileile ya ajira ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi wa kabila, mahali mtu anapotoka, dini, jinsia, ujauzito, ndoa au majukumu ya kifamilia, ulemavu, VVU, umri na mengineyo, na inamlinda hata anayeomba kazi. Kwa hiyo "awe binti mwenye umri usiozidi miaka 28, ambaye hajaolewa" haina nafasi kwenye tangazo wala kwenye daftari lako, hata kama umeiona kwenye matangazo mengine mia. Kwenye usaili pia usimuulize dada wa watu lini anatarajia kuzaa. Muulize kama anaweza kuwepo kazini kwa saa zilizotajwa, na swali hilohilo muulize mwanaume.

Wape kazi yenyewe

Kama una muda wa kufanya jambo moja tu kati ya yote niliyoandika, lifanye hili.

Waliopita mchujo, watano au sita, waite kila mmoja kwa saa yake. Lipia nauli. Kijana anayetoka Chanika au Mbagala kuja Kariakoo anaweza kuwa amekopa nauli hiyo, na kampuni inayoshindwa kumrudishia imeshamweleza vizuri jinsi itakavyomtendea akishaajiriwa. Kisha mpe kipande cha kazi ambacho angekifanya siku ya kazi.

Jaribio la stoo linaanza na boksi mezani lenye lebo ya beringi 6203-2RS na hati inayosema zipo 24. Ndani tunaweka 22. Kati ya hizo 22, tatu ni za ZZ. Kwa asiyezijua: 6203 zote zina tundu la milimita 17, zinalingana kila kipimo, ila 2RS zimezibwa pembeni kwa mpira na ZZ zimezibwa kwa bati. Ukimpa mteja wa pampu ya maji beringi ya ZZ badala ya 2RS, maji na vumbi vitaingia na atarudi akiwa amekasirika. Mwombaji anaambiwa neno moja, "Pokea mzigo huu," anapewa kalamu na dakika ishirini.

Utajifunza mengi katika dakika mbili za kwanza. Kuna anayesoma lebo na kusaini bila kufungua boksi. Kuna kijana mmoja, ana CV nzuri sana, alihesabu akapata 22, akahesabu tena akapata 22, kisha akaandika 24. Nilipomuuliza akajibu, "Karatasi inasema 24." Alikuwa amezoea ofisi ambayo karatasi ndiyo yenye haki.

Siku hiyohiyo alikuja dada mmoja aliyekuwa ametunza stoo ya dawa Morogoro na hajawahi kushika beringi maishani. Alizitoa zote, akazipanga mezani kwa mistari ya tano tano, akasimama akiziangalia. Akauliza, "Samahani kaka, hizi zenye mpira na hizi zenye bati ni kitu kimoja?" Nikamwambia aamue mwenyewe. Akaandika mistari miwili: zenye mpira 19, zenye bati 3. Chini akaandika pungufu 2. Akasema hasaini mpaka dereva aliyeleta aje aone na yeye asaini pembeni. Kwenye CV alikuwa wa tano kati ya sita. Kwenye jaribio hakuna aliyemkaribia.

Sehemu ya pili ni ya dakika tano. Mmoja wetu anajifanya muuzaji wa dukani: "Dada, nipe pulley mbili faster, mteja yuko kaunta, karatasi naleta sasa hivi." Unaangalia anafanya nini. Anayetoa, utaujua mwisho wake. Anayekataa kwa ukali atagombana na duka zima ndani ya wiki moja. Unayemtafuta ni yule anayesema, "Naziweka hapa tayari, kalete karatasi uzichukue," na akaziweka kweli.

Kwa nafasi nyingine badilisha kitu, utaratibu ubaki. Karani wa mahesabu mpe risiti ishirini za EFD na taarifa ya benki yenye tofauti moja. Mtu wa mauzo mpe bidhaa aiuze kwako kwa simu, wewe ukiwa mteja anayelalamikia bei. Ila jaribio lisizidi saa moja, na usitumie walichokifanya. Wapo wanaowaita vijana kumi, wanawapa kazi ya kubuni nembo ya kampuni, wanachukua nzuri na hawaajiri mtu. Vivyo hivyo "njoo wiki mbili tukuangalie" bila malipo. Mtu akikufanyia kazi, mlipe.

Usaili

Utafiti wa miaka mingi kuhusu kupima waombaji, kuanzia ule wa Schmidt na Hunter wa 1998 mpaka mapitio ya Sackett na wenzake ya 2022, unakubaliana kwamba usaili wenye maswali yaleyale kwa kila mtu na alama zilizopangwa mapema unatabiri utendaji kazi vizuri zaidi kuliko mazungumzo ya kawaida. Huhitaji mtaalamu kuupanga. Unahitaji maswali matano, karatasi moja kwa kila msaili, na nidhamu.

Maswali yaulize yaliyotokea. "Udhaifu wako ni nini?" kila mtu ana jibu la kukariri. "Nieleze mara ya mwisho ulipokabidhi stoo kwa mwingine, mlifanyaje?" ni vigumu kulitunga. Kando ya kila swali andika mapema jibu la alama 1 linafananaje, la 3, la 5. Kwa swali hilo la makabidhiano: "nilimpa funguo" ni 1, "tulihesabu pamoja" ni 3, "tulihesabu pamoja, tukasaini wote, tofauti tukamwandikia bosi" ni 5.

Kila msaili aandike alama zake kimya kabla hamjazungumza. Na bosi awe wa mwisho kutoa maoni. Kwenye kampuni ndogo, Mzee akishasema "huyu kijana nimempenda," hakuna mhasibu atakayefungua mdomo kusema yeye alimpa 2. Mwambie mapema, kwa heshima, faragha. Wengi wanaelewa ukiwaambia kwamba wao ndio watakaopoteza maoni ya watu wanaowalipa.

Mtoto wa dada

Itakuja siku. Utaitwa ofisini, utaambiwa, "Kuna binti wa dada yangu, amemaliza chuo, yuko nyumbani tu. Muangalie."

Usikatae na usikubali kichwa kichwa. Mimi nilijibu, "Sawa Mzee, namwita. Atafanya jaribio lilelile na wenzake, na naomba siku yake wewe usikae kwenye meza, ili akipata asiseme mtu kwamba amebebwa." Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa, usimwonee tu." Binti alikuja, alifanya, alikuwa katikati. Nilimpelekea Mzee karatasi zote sita bila majina, nikamwomba achague. Alichagua ya yule dada wa Morogoro. Ndipo nikampa majina.

Kujuana hakuna ubaya kwa kuanzia. Watu wazuri wengi wanapatikana kwa kuulizana, na fundi wako anajua fundi mwenzake kuliko tangazo lolote. Kinachoharibu ni mlango wa pili, unaomruhusu mmoja kuingia bila kupimwa. Wafanyakazi wengine wanauona siku ya kwanza, na kuanzia hapo utaratibu wowote utakaowaletea watauona ni wa wasio na ndugu.

Simu, wadhamini, na ofa

Wawili wa mwisho, piga simu kwa waliowasimamia kazini. Mchungaji, shehe na mwenyekiti wa mtaa watakuambia ni mtu mwema, na pengine ni kweli, lakini hawajawahi kumwona akipokea mzigo. Usimpigie mwajiri wake wa sasa bila ruhusa yake, unaweza kumfukuzisha kazi. Uliza vitu vya kujibika: alikuwa anakabidhi hesabu kwa nani, mara ngapi, aliondokaje, ungemchukua tena? Swali la mwisho lisikilize vizuri. Anayejibu "eee, si mbaya" amejibu.

Kampuni nyingi zinadai wadhamini wawili wenye barua za serikali ya mtaa kwa nafasi zinazogusa mali. Dai kama mmezoea, lakini mdhamini hakulindii stoo. Kinacholinda ni kwamba anayetoa bidhaa siye anayepokea pesa, na anayehesabu Jumamosi hahesabu peke yake.

Ofa itoe kwa maandishi, ukiwa na ile hesabu ya mkononi. Mkataba utaje vitu ambavyo sheria inadai, vikiwemo jina na umri, kazi, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, mahali pa kazi, saa za kazi, malipo. Kipindi cha matazamio kisizidi miezi 12 kwa kanuni za ajira za 2007, na kwa stoo mitatu inatosha. Mtu wa matazamio naye ana haki ya kuambiwa anapokosea na kupewa nafasi ya kurekebisha, kwa hiyo panga kikao mwisho wa mwezi wa kwanza na wa pili, na uandike mlichozungumza.

Siku ofa inaposainiwa, waandikie wengine wote. Waliofika kwenye jaribio wapigie simu, na waambie jambo moja la kweli walilofanya vizuri na moja la kurekebisha. Yule kijana aliyeandika 24 nilimpigia. Alikaa kimya, kisha akauliza kama ile tofauti niliiweka makusudi, na tukaongea robo saa kuhusu kupokea mzigo. Walioishia kwenye mchujo watumie ujumbe mmoja: "Ndugu mwombaji, asante kwa kuomba nafasi ya mtunza stoo. Nafasi imeshapata mtu. Taarifa zako tumezifuta. Tunakutakia heri." Kuutuma ni kazi ya nusu saa. "Tutakupigia" isiyokuwa na mwisho inamfanya mtu aache kwenda mahali, aache kuomba kwingine, ashinde na simu mkononi. Hakuna kampuni yenye haki ya kumfanyia mtu hivyo.

Mwisho, weka faili moja: ile kazi uliyoiandika kwa vitenzi, tangazo, maelezo ya jaribio, maswali na alama. Baada ya miezi sita lifungue, uangalie alama za aliyeajiriwa kando ya kazi anayoifanya sasa. Swali alilopata 5 na kazini analegalega hapohapo, liandike upya. Kitu anachokifanya vizuri na hukukipima, kiongeze. Kwetu dada wa Morogoro alibadilisha jaribio lenyewe: aliomba tuongeze karatasi ya mzigo iliyoandikwa kwa mkono, mwandiko mbaya, kwa sababu hizo ndizo zinazomletea shida kila wiki. Sasa ipo kwenye boksi, na ni yeye anayekaa mezani tukisaili watu wa stoo.